Sauti ya Cucu na Backup Yangu

Leo nimejiaibisha mbele ya wafiwa. Si aibu ya kujikwaa wala ya kumwagia mgeni chai. Nimewekewa kikao. Nimehojiwa na wazee mpaka kosa likatoka mdomoni mwangu mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe. Nimefika nyumbani Gatongora, nimefunga mlango, na nawaandikia nyinyi rafiki zangu kabla hamjasikia kwa Kim. (Kim atasimulia. Na ataongeza chumvi, ingawa hiki kisa hakihitaji.)

Kwa wasiojua kazi yangu: mimi Nekesa ni mtu wa kompyuta katika studio moja ya video pale mjini Thika. Tunapiga harusi, ruracio (ile siku ya Wakikuyu ya kupeleka mahari) na mazishi. Kim ndiye mhariri, anakata video na kuziunganisha. Mimi kazi yangu ni kuhakikisha kompyuta ziko hai na kazi za watu hazipotei. Mwenye studio ni Mama Shiro, mama mzuri sana, ila haamini kitu mpaka akione kwa macho yake.

Sasa, ili kazi za watu zisipotee, kuna backup, yaani nakala ya akiba. Nina programu yangu ya kufungasha mafaili. Haina picha wala vitufe vya kubonyeza. Unaandika amri kwenye skrini nyeusi, nayo inakusanya mafaili yote na kuyapanga ndani ya faili moja kubwa, kama mtu anayepanga nguo kwenye sanduku. (Watu wakiniona naandika kwenye ile skrini nyeusi huwa wananyamaza. Napenda sana wakinyamaza.) Jumatatu inafungasha kila kitu. Siku zingine inafungasha nyongeza tu, yaani kile kilichoongezeka au kubadilika tangu mara ya mwisho. Ni kazi ndogo. Unaiwasha, unaenda kunywa chai, unarudi imemaliza.

Jumatatu ilimaliza salama. Kuanzia Jumanne ikaanza vituko. Naiwasha, inaenda, inaenda, inaenda, halafu inakufa. Inaandika kwamba imeshindwa kuendelea kuandika, basi, kimya. Nafungua diski kubwa tunayowekea backup, naangalia nafasi. Nafasi tele! Sasa unashindwaje kuandika na karatasi iko mbele yako? Nikaiwasha tena. Ikafa tena. Nimeshinda wiki nzima na hilo swali, hata ugali nilikuwa nauangalia kabla ya kuula.

Leo asubuhi mambo yakawa mazito. Kuna familia moja ya Ruiru ambayo mwaka jana tuliwapigia ruracio ya binti yao. Siku ile cucu, nyanya wa bibi harusi, alisimama akambariki mjukuu wake. Cucu ameaga dunia wiki hii na anazikwa kesho. Familia wametafuta kwenye simu zao zote na hawana sauti yake popote. Iko kwetu tu. Kwa hiyo wakaomba ile sehemu ya baraka itolewe, isafishwe sauti, waicheze kesho mbele ya watu kabla ya jeneza kutoka nyumbani. Walisema watapitia mchana kuichukua.

Kim akaanza kazi mapema. Akakata, akasafisha sauti, akaanza kuitoa video yenyewe, ile hatua ya mwisho ambayo kompyuta inaandika video iliyokamilika kwenye diski kubwa. Hatua hiyo ni ya kungoja tu. Mimi nami, kwa moyo safi kabisa, nikajiambia kwamba mafaili ya marehemu hayafai kuguswa bila backup. Itakuwaje diski ikifa leo? Nikaiwasha programu yangu.

Ikaenda, ikaenda, ikafa. Na sekunde hiyo hiyo video ya Kim nayo ikafa.

Kim akageuka kwenye kiti. "Nekesa, hiyo kitu yako imeua yangu."

Nikamwambia ni yake iliyoua yangu. Nilisema kwa uhakika kabisa. Nikamweleza kwamba programu ya kuhariri video hula kumbukumbu yote ya kompyuta, kwa hiyo yangu, maskini, inakosa hewa. (Hayo maelezo niliyatunga nikiwa nayasema. Yalisikika vizuri.) Kim akaanza upya. Nami nikaanza upya, maana utajuaje tatizo liko wapi usipojaribu tena? Zikafa tena pamoja.

Nikasema basi ni kumbukumbu. Nikaizima kompyuta, nikaifungua, nikachomoa vile vibao vya kumbukumbu na kuvisugua meno kwa kifutio cha penseli, kama tulivyofundishwa na mafundi wote wa mji huu. Nikapuliza vumbi. Nikarudisha. Programu zote mbili zikawaka. Zikafa.

Nikasema basi ni umeme. Chini yetu kuna saluni ya dada mmoja anaitwa Njambi, na mashine zake za kukausha nywele huwa zinafanya taa zetu zipepese. Nikashuka mbio. Nikamwomba azime kila kitu kidogo tu, kuna kazi ya msiba. Njambi ni mtu wa utu, akazima. Shida ni kwamba kulikuwa na mteja kitini, mwanamke wa heshima aliyekuja kutengenezwa kwa ajili ya harusi. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umenyooka vizuri, umelala begani. Upande mwingine ulikuwa bado mbichi, umesimama. Nikamwambia ni dakika kidogo tu, mama. Nikapanda juu nikawasha programu yangu. Ikafa, umeme ukiwa shwari kabisa.

Hapo nilichanganyikiwa kweli. Nilikuwa natembea kutoka dirishani hadi mlangoni, narudi. Nikaona kilichobaki ni kimoja: programu yenyewe ni mbovu. Wazungu wametengeneza kitu hakijaiva. Nikaingia kwenye jukwaa lao la mtandaoni, pale watumiaji wa hiyo programu wanapoulizia mambo, nikaandika malalamiko marefu. Sikutukana, lakini sikuacha shaka. Mtengenezaji mwenyewe akanijibu haraka, kwa upole, akauliza kama kuna njia ya mkato yoyote ndani ya folda ninayofungasha, inayoelekea mahali ninapoweka backup. Njia ya mkato, kwa wasiojua, ni ule mlango mdogo unaouweka kwenye folda moja ili ukiubonyeza ujikute kwenye folda nyingine iliyo mbali.

Nikamjibu kwa mstari mmoja. "Hapana. Mimi si mwanafunzi."

Akaniomba radhi. Akasema yeye na wenzake wataacha wanachofanya waangalie tatizo langu. Nikahisi vizuri sana. Nikamwonyesha Kim. Kim hakuniangalia, alikuwa anaianza video ya cucu kwa mara ambayo sikuthubutu kumuuliza ni ya ngapi.

Mchana wafiwa wakafika. Walikuwa watatu. Wawili walikuwa kina mama, dada wa marehemu, wamejifunga leso kichwani, wakakaa. Wa tatu alikuwa Mzee Gathogo, mtoto wa kwanza wa cucu. Huyu mzee ndiye aliyekuwa msemaji wa familia siku ile ya ruracio. Mnajua msemaji wa ruracio alivyo. Haharakishwi na mtu. Kila neno linalosemwa na upande mmoja analirudia kwa upande wa pili ili kesho asitokee mtu kudai hakusikia.

Mama Shiro akawamiminia chai kutoka kwenye chupa na kuniuliza kwa sauti ya chini kama video iko tayari. Nikasema kuna hitilafu ndogo. Mmoja wa wale mama akainama, akafunika uso kwa kitambaa. Nyinyi, afadhali angenipiga kofi.

Mama Shiro akanivuta pembeni. Aliniambia hawa watu hawana sauti nyingine ya mama yao, na kwamba tukiwapeleka makaburini mikono mitupu hatutapiga tena shughuli hata moja kutoka Thika mpaka Ruiru, na tutakuwa tumestahili. Hakuwa ananikaripia. Ndiyo maana iliniuma.

Basi Kim na mimi tukaanza kubishana, polepole, meno yamebana. Yeye anasema ni backup. Mimi nasema ni programu yake ya video. Yeye anasema nizime yangu. Mimi nasema nikiizima halafu diski ife, nani atajibu? Mzee Gathogo akaweka kikombe chini.

"Watoto wangu," akasema, "hapa kuna pande mbili na zimekosana. Hii kazi mimi naijua. Leteni viti."

Sikuamini, lakini viti vililetwa. Kim akakalishwa upande mmoja na mimi upande mwingine, skrini ikiwa katikati yetu kama bibi harusi. Hapo hapo mlango ukafunguka na yule mteja wa saluni akaingia, nusu ya kichwa imelala na nusu imesimama, akiuliza kama umeme wa watu utarudishwa leo au kesho. Mzee akamwonyesha kiti. Akakaa. Nadhani alidhani ndiyo foleni.

Mzee akamwambia Kim aseme lake. Kim akasema kila akifika mwisho, video inakufa. Mzee akarudia neno kwa neno. Akaniambia mimi niseme langu. Nikasema programu yangu ni ya kulinda kazi za watu na inauawa kabla haijamaliza. Mzee akarudia hilo pia, na likirudiwa na yeye lilisikika la kipumbavu kidogo, sijui kwa nini.

"Sasa washeni zote mbili mbele yetu," akasema. "Na wewe msichana, kila kitu hiyo sanduku yako inameza, utaje kwa sauti. Kwetu kitu haipokewi kama haijatajwa."

Nikataka kumweleza kwamba kompyuta si mbuzi. Nikaangalia wale kina mama wawili. Nikawasha.

Ile programu huwa inaandika jina la kila faili inapolifungasha, mstari mmoja mmoja, kushuka chini. Sijawahi kuisoma ile mistari. Nani husoma? Naangalia ule wa mwisho tu, kuona ilifia wapi, na siku zote mstari wa mwisho ulikuwa ni jina la backup ya siku hiyo. Nilikuwa nadhani ni sahihi yake tu, kama mtu anavyoandika jina lake chini ya barua.

Nikaanza kutaja. "Harusi ya Juja, sehemu ya kwanza."

"Ii," yaani ndiyo, wakaitikia wote, kama kwenye ruracio.

"Harusi ya Juja, sehemu ya pili."

"Ii." Mteja wa saluni naye akaitikia.

"Picha za mahafali."

"Ii."

"Backup ya Jumatatu."

"Ii."

Nikasita. Backup ya Jumatatu? Hiyo imeingiaje humu? Hiyo ni sanduku la Jumatatu lenyewe, lote, limejaa. Mzee akanitazama na kuniambia niendelee. Mstari mpya ukatokea. Huo ndio ule ule wa mwisho wa siku zote, na sasa ilibidi niusome.

"Backup ya leo," nikasema.

"Ii." Mzee akainua kidole. "Na inaingia wapi?"

Nikafungua mdomo. Nikausoma ule mstari tena.

"Kwa... backup ya leo."

Hakuna aliyesema ii. Kim ndiye aliyeanza kucheka, kimya kimya kwanza, mabega tu yakitikisika.

Nami nikakumbuka. Jumatatu, baada ya backup kubwa kumalizika, Mama Shiro aliniuliza hiyo backup iko wapi, yeye haioni. Mama Shiro huwa anafungua folda moja tu kwenye hiyo kompyuta, inaitwa Kazi. Kitu kisichokuwa ndani ya Kazi, kwake hakipo duniani. Kwa hiyo, ili moyo wake utulie, nikamwekea ndani ya Kazi njia ya mkato nzuri, nikaiita "Backup za Mama", akibonyeza anaziona zote. Alifurahi. Nami nikafurahi. Nikasahau kabla chai haijapoa.

Na programu yangu inafungasha nini kila siku? Folda ya Kazi. Na nilishaiagiza ifuate kila njia ya mkato inayoikuta humo, kwa sababu Kim ana tabia ya kuweka vipande vyake mbali na kuviwekea njia. Basi kila siku nilikuwa naiuliza, kuna nini kipya tangu mara ya mwisho? Nayo ilikuwa inanijibu ukweli mtupu: mimi. Ilikuwa inapita kwenye ule mlango wa Mama Shiro, inajikuta, inajitia ndani ya sanduku lake. Kwa kujitia inaongezeka. Kilichoongezeka nacho inakitia. Inaendelea hivyo mpaka diski kubwa inajaa mpaka shingoni, na video ya Kim, iliyokuwa inaandikwa kwenye diski hiyo hiyo, inakosa pa kukanyaga. Zote mbili zinakufa. Kisha programu yangu, kwa adabu zake, inafuta ile nusu iliyoandika kabla ya kuondoka. Ndiyo maana kila nikienda kuangalia nakuta nafasi tele. Nami naiwasha tena, kutafuta ni nani anayemuua cucu wa watu.

Ni mimi. Asubuhi nzima ni mimi.

"Zima," Kim akasema, ameacha kucheka. "Nekesa, zima, diski inajaa."

Nikaizima. Nilikosea amri mara ya kwanza, nikaiandika tena. Upande wa Kim ule mstari unaoonyesha video imefika wapi ukasimama, sisi wote tukasimama nao, halafu ukasogea. Ukasogea tena. Ukafika mwisho.

Wale kina mama wakapiga makofi kidogo, makofi ya msibani. Mzee Gathogo akanigeukia na kuniomba nieleze ilikuwa nini, ili awaambie nyumbani. Nikaeleza. Akarudia kwa sauti, kwa pande zote, neno kwa neno, kwamba huyu msichana alikuwa anafunga mzigo na kujifunga na yeye ndani. Mteja wa saluni akasema hata yeye ameelewa sasa. Akashuka kwenda kumaliziwa upande wa pili, na nilimsikia akimsimulia Njambi kuanzia kwenye ngazi.

Kim akanisimamia mpaka nikaandika kule kwenye jukwaa. Niliandika kwamba naomba radhi, njia ya mkato ipo, niliiweka mimi. Mtengenezaji akajibu kwamba hakuna shida, na kwamba wenzake wanaweza kwenda kulala sasa.

Nilidhani hapo aibu imeisha. Nikanywa maji. Nikaanza hata kupumua.

Mama Shiro akasema basi video ichezwe kwenye ile televisheni kubwa ya ukutani, wazee wahakikishe kabla ya kuondoka. Kim alikuwa ameacha sekunde kadhaa za mwanzo, kabla ya baraka zenyewe, kwa sababu cucu alionekana vizuri sana hapo, amekaa, anarekebisha kitambaa chake. Akatokea ukutani. Dada zake wawili wakashikana mikono. Kisha cucu akatazama moja kwa moja kwenye kamera, yaani moja kwa moja machoni kwangu, akasema kwa Kiswahili, maana alishaona mimi si mtu wa kwao:

"Wewe msichana. Hiyo kitu inanishika? Nisiongee bure, halafu mseme imepotea."

Na kutoka nyuma ya kamera ikajibu sauti changamfu, sauti ya mtu asiye na shaka yoyote duniani. Sauti yangu. Siku ile nilikuwa nimeenda kushika nyaya.

"Usijali, cucu. Mimi ndiye mtu wa kompyuta. Kwangu hakuna kitu hupotea."

Cucu alinitazama.

"Haya," akasema. "Tutaona."

Mzee Gathogo alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, wale kina mama wakacheka, wakafunika midomo, kisha wote watatu wakawa wanalia na kucheka hata usijue ni kipi. Ukutani cucu akaanza kumbariki mjukuu wake, na hakuna aliyepumua kwa nguvu mpaka alipomaliza. Mimi pia nililia. Sikuelewa hata nalia kwa lipi, kwa cucu au kwa Nekesa.

Kim, ambaye leo amegundua ana huruma, akamwambia mzee kwamba anaweza kukata ule mwanzo, ni kazi ya dakika moja.

Mzee akafuta macho. "Hapo usiguse. Hapo ndipo mama yuko mwenyewe."

Kwa hiyo kesho, mbele ya ukoo mzima, majirani, kanisa na nusu ya Ruiru, cucu ataniuliza tena, nami nitamjibu tena kwa ile sauti. Nimeombwa niwepo, niwashe mimi mwenyewe. Mkija, nitakuwa nimeinama nyuma ya spika kubwa. Tafadhali msicheke mpaka tumzike.